Sigara Majini: Nani Amwambie Mvutaji Azime?

Kivuko kilikuwa kimeshaiacha Mbita kwa dakika kumi hivi, kikikata Ziwa Victoria kuelekea Luanda Kotieno, wakati mzee mmoja aliyesimama upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, alipotoa sigara mfukoni, akaikinga kwa viganja viwili na kuiwasha. Upepo ulikuwa ukitoka nyuma yetu, kwa hiyo moshi haukwenda ziwani kama alivyodhani. Uliingia moja kwa moja chini ya paa, kwenye mabenchi waliyoketi abiria. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto wa miaka minne au mitano alifungua mkoba, akatoa kipulizia dawa cha rangi ya samawati, akakishika mkononi bila kukitumia. Kisha akageuka na kusema kwa upole, "Jaduong', nakuomba uizime. Mtoto ana pumu."

"Mama, hapa ni nje," mzee akajibu, naye pia bila ukali. "Ziwa lote hili, moshi utakosa pa kwenda?"

Kijana mmoja akaingilia kati kwamba sheria hairuhusu. Mwanamume mwingine akamjibu kijana kwamba mzee aachwe, kwani safari yenyewe ni fupi na hakuna aliyewahi kufa kwa sigara moja. Mabaharia wawili walikuwapo, mmoja akikunja kamba, na wote wawili wakatazama kando. Tulipolikaribia gati la Luanda Kotieno sigara ilikuwa imeshazimika zamani, lakini ugomvi ulikuwa ungali unawaka, na haukuwa tena juu ya moshi bali juu ya nani alilelewa vipi na nani ana haki ya kumkosoa mtu mwenye mvi.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi tangu siku hiyo, kwa sababu mabishano ya namna hiyo hayako Ziwa Victoria peke yake. Yamekuwapo kwa miaka mingi katika meli kubwa za kitalii zinazozunguka bahari ya Karibi na Mediterania, zenye maelfu ya abiria, mabwawa ya kuogelea na kasino. Ukubwa wa chombo hautofautishi sana kiini cha mgogoro. Mtu anayekerwa na moshi hotelini Kisumu huondoka akaenda hoteli ya pili, na mtu anayetamani sigara hutoka nje ya lango akavuta. Aliye majini, awe mvutaji au asiyevuta, hana lango la kutokea. Pande zote mbili hujenga hoja zao juu ya ukweli huo mmoja, na ndiyo maana ni vigumu kuzipatanisha.

Nianze na sheria yetu ya Kenya, kwa kuwa hoja ya yule mzee kwamba "hapa ni nje" inasikika mara nyingi na inastahili jibu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, inakataza kuvuta katika mahali pa umma isipokuwa pale palipotengwa kwa ajili hiyo, na tafsiri yake ya mahali pa umma haiishii kwenye majengo yenye kuta nne. Inahusu pia maeneo yaliyofunikwa kwa sehemu tu, inahusu mahali pa kazi, na inahusu vyombo vya kusafirisha umma. Adhabu ya anayevunja katazo hilo ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kwa hiyo kivuko chenye paa na ubavu ulio wazi si uwanja wa mtu binafsi. Kisheria, mzee alikuwa amekosea.

Hata hivyo, kukosea kisheria hakumalizi hoja, na nadhani wanaopinga sigara hujidanganya wanapodhani kwamba kusoma kifungu kwa sauti kunatosha. Hoja ya mvutaji ina sehemu dhaifu na sehemu yenye nguvu. Sehemu dhaifu ni ile ya uhuru: kwamba amelipa nauli kama wengine na mwili ni wake. Nauli inanunua nafasi ya kusafiri, hainunui mapafu ya jirani, na Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba hakuna kiwango cha moshi wa sigara ya mwenzako kinachoweza kuitwa salama. Sehemu yenye nguvu ni ya uraibu. Nikotini hupungua mwilini kwa kasi. Baada ya saa mbili hivi karibu nusu yake imeshatoka katika damu, na mwili uliozoea huanza kuidai. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajizuie kwa siku saba baharini ni kumwagiza jambo ambalo wengi hawaliwezi bila msaada, na anayetoa agizo huku akijua halitatiiwa anatengeneza mvutaji wa kujificha.

Mvutaji wa kujificha ndiye hatari kubwa kuliko wote, kwani hutupa kipisi ovyo, na kipisi kimoja kinaweza kuichoma meli. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Machi 2006, meli ya kitalii Star Princess ilikuwa njiani kutoka Grand Cayman kwenda Montego Bay, Jamaica, moto ulipozuka kwenye roshani ya kabini moja na kuenea kutoka roshani hadi roshani. Viti vya plastiki, vigae vya sakafu na vizuizi kati ya roshani vyote vilikuwa vya malighafi inayoshika moto. Abiria mmoja alifariki kwa kuvuta moshi wa moto huo. Wachunguzi walihitimisha kwamba chanzo kinachoelekea zaidi kuwa cha kweli ni kipisi cha sigara kilichotupwa. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zilibadilishwa ili roshani za kabini nazo ziwekewe masharti ya kuzuia moto, na mabadiliko hayo yakaanza kutumika Julai 2008, mwezi uleule ambao sheria yetu ya tumbaku ilianza kazi.

Baada ya hapo kampuni kubwa zilianza kufunga milango. Carnival ilipiga marufuku sigara ndani ya kabini mwishoni mwa 2011 na kwenye roshani Oktoba 2014. Royal Caribbean ilizifunga roshani kuanzia Januari 2014. Anayepatikana akivuta kabinini hutozwa faini inayoweza kufika dola 250 hadi 500. Aliyebaki na hamu ya sigara aliachiwa sehemu fulani ya sitaha ya nje na, katika meli nyingi, kasino.

Hapo ndipo mabishano mapya yalipozaliwa. Wasiovuta wanalalamika kwamba kasino hujengwa katikati ya njia, kiasi kwamba mtu anayetoka chumba cha chakula kwenda ukumbi wa maonyesho hulazimika kupita ndani ya wingu la moshi, na kwamba meli inapogeuka, sehemu ya wavutaji iliyokuwa upande wa demani, upepo unakokwenda, hujikuta upande wa joshi, upepo unakotoka, moshi wote ukielekea kwenye viti vya watu wa bwawa. Wavutaji nao wanalalamika kwamba wamesukumwa kutoka kona moja hadi nyingine kila mwaka, na kwamba wengi wao walilipia roshani kwa bei ya juu wakitarajia kuvuta humo. Malalamiko yote mawili ni ya kweli. Ila katika hilo la kasino sioni jinsi ya kuitetea kampuni: ikiwa afya ndiyo sababu ya kukifunga chumba cha kulala, haielezeki kwa nini chumba chenye meza za kamari kibaki wazi, isipokuwa kwa hesabu ya mapato. Na anayeumia zaidi humo si abiria apitaye kwa dakika mbili. Ni mfanyakazi anayegawa karata saa baada ya saa, kwa mkataba wa miezi mingi, ambaye hakuna mtu anayemuuliza chochote.

Kuna waliojaribu njia ya kukataza kabisa. Mwaka 1998 Carnival ilizindua meli iliyoitwa Paradise, ambayo ndani yake sigara haikuruhusiwa popote, si kwa abiria wala kwa mabaharia. Abiria alitia saini kukubali kwamba akikutwa na tumbaku atalipa dola 250 na kuteremshwa katika bandari inayofuata, arudi kwao kwa gharama yake, na wapo walioteremshwa kweli. Wasiovuta waliipenda meli hiyo mno. Mwaka 2004 utaratibu huo ulikomeshwa, na Paradise ikawa meli kama nyingine.

Wapo wanaolitaja jambo hilo kama ushahidi kwamba katazo kamili haliwezekani. Mimi silisomi hivyo. Paradise haikushindwa kudhibiti moshi. Ilishindwa sokoni, kwa sababu watu hawasafiri likizo mmoja mmoja. Familia ya watu kumi yenye mvutaji mmoja huchagua meli nyingine ili asibaki nyuma. Hilo ni tatizo la mtu anayeuza starehe na mwenye washindani. Anayevuka kutoka Mbita kwenda Luanda Kotieno hachagui starehe; anakwenda sokoni, hospitalini au msibani, na asipopanda kivuko itambidi azunguke ghuba nzima ya Winam kwa barabara. Chombo cha lazima kina wajibu mkubwa zaidi kwa aliye dhaifu kuliko chombo cha anasa, kwa kuwa yule mama mwenye mtoto wa pumu hana kampuni ya pili ya kukimbilia.

Tofauti ya pili ni muda, na kwangu mimi ndiyo inayoamua. Safari ile huchukua chini ya saa moja au kuzidi kidogo. Hata ukiongeza siku ambazo magugu maji hulifunga gati na kivuko kikachelewa, mvutaji aliyevuta kabla ya kupanda hawezi kudai kwamba uraibu umemlazimisha. Hoja yake yenye nguvu, ile niliyoikubali juu ya meli ya siku saba, hapa haina mahali pa kushika. Kwa kivuko, basi, katazo liwe kamili: tezi na omo, yaani nyuma na mbele, chini ya paa na nje yake, sigara ya kawaida na ya kielektroniki. Vivyo hivyo kwa mashua za Dunga, karibu na Kisumu, zinazopeleka wageni kutazama viboko, ambamo abiria huketi karibu na injini na dumu la petroli. Katika mashua ya namna hiyo kibiriti kimoja kinatosha kuleta maafa, na sidhani kama pana pande mbili za kupimwa.

Lakini nani atekeleze? Hili ndilo lililoniuma siku ile. Uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban asilimia 8 ya watu wazima nchini huvuta. Wavutaji ni wachache, na wengi wao ni watu wenye adabu zao. Baadhi wanatoka Kuria, ambako tumbaku ndiyo iliyolipa karo za watoto kwa vizazi viwili, na hawajazoea kuiona kama aibu. Mama wa watu hapaswi kuachiwa kazi ya kumkanya mtu wa umri wa baba mkwe wake mbele ya abiria themanini. Katika desturi zetu hilo peke yake ni mtihani, na ndiyo sababu mabishano yalihama upesi kutoka sigara kwenda heshima. Wengine hunyamaza na kuvuta moshi kuliko kujiingiza humo.

Tukumbuke matatu, zile gari ndogo za abiria. Zamani watu walivuta ndani ya matatu bila wasiwasi, na leo hata mlevi hajaribu. Kilichobadilika si kwamba abiria walijifunza kugombana vizuri zaidi; ni kwamba dereva na makanga walijua wao ndio watakaoulizwa, wakaanza kumwambia mtu ateremke. Majini huwezi kumteremsha mtu katikati ya safari, kwa hiyo neno lazima lisemwe kabla ya kamba kufunguliwa. Tuliposhuka nilitembea na yule mzee hadi penye wauza omena, ambako alisimama na kuwasha sigara nyingine, mbali na watu. Nilimuuliza kama alijua ni marufuku. "Yule kijana wa tiketi angeniambia pale Mbita," akasema, "ningevuta yangu palepale nikamaliza, halafu nikapanda. Sasa nimetukanwa na watoto kwa jambo ambalo mwenye chombo mwenyewe hakulisema."

Nilirudi jioni kwa kivuko kilekile na nikatafuta tangazo. Lilikuwapo, karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha nahodha, imefifia kwa jua, na mlango huo hukaa wazi safari nzima, kwa hiyo maandishi hutazama ukuta.

Gharama ya kurekebisha hilo ni ndogo: mstari mmoja kwenye tiketi, baharia mmoja wa kulisema kwa Kiswahili na Dholuo abiria wakiwa bado gatini, na debe la mchanga penye ngazi ya kupandia ili mtu azime sigara yake humo bila kuitupa ziwani. Safari ndefu zitahitaji mpango mwingine. Zamani meli za abiria zilikuwa zikitoka Kisumu kwenda Mwanza, Bukoba na Port Bell, safari za usiku kucha, kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika mwaka 1977, na kila serikali mpya huzungumzia kuzirudisha. Zikirudi, mvutaji aliye safarini kwa muda wa saa kumi na mbili atahitaji mahali, na mahali hapo pachorwe kwenye ramani ya meli tangu siku ya kwanza: nje kabisa, upande wa tezi, mbali na matangi ya mafuta na njia za hewa za vyumba vya kulala, pakiwa na vyombo vya chuma vya kuzimia na baharia wa zamu anayepajua kuwa ni jukumu lake.