Tunasali, tumesoma, na mizani bado inachezewa

Kuna hoja huwezi kuikwepa ukiishi Mwanza. Utaisikia kijiweni Mabatini watu wakinywa kahawa, utaisikia kwenye hiace ya Igoma, na Jumapili utaisikia tena kwenye spika za kanisa lililo jirani na kwako upende usipende, kwamba taifa likitaka kuwa kubwa linahitaji vitu vitatu tu, watu wamche Mungu, wawe na maadili, na wajue kusoma. Mfano unaotolewa siku zote ni Marekani. Wazee wao walikuwa watu wa dini, wakajenga shule ili watoto wasome Biblia, Mungu akawabariki, ona walipo leo, kwahiyo na sisi tumrudie Mungu, turudishe maadili mashuleni, mambo yatanyooka yenyewe.

Ugumu wa hii hoja ni kwamba nusu yake ni kweli kabisa, ndio maana ukiipinga unaonekana mpagani.

Tuanze na hiyo nusu basi. Mwaka 1647 kule Massachusetts walitunga sheria kwamba kila mji wenye kaya 50 uajiri mwalimu wa kufundisha watoto kusoma na kuandika, na sababu wameiandika ndani ya sheria yenyewe, kwamba Shetani anapenda watu wasiyajue Maandiko. Sweden sheria ya kanisa ya 1686 ilitaka kila mtu ajue kusoma, mchungaji anapita anawapima watu mmoja mmoja mpaka vibarua na wafanyakazi wa ndani. Waislamu nao ndio usiseme, amri ya kwanza kushushwa ni "soma", na watu wa pwani yetu walikuwa wanaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zamani sana kabla wamisionari hawajatia mguu. Huku kwetu ziwani White Fathers, wamisionari wa Kikatoliki, walifika Bukumbi 1883. Mackay wa CMS, wamisionari wa Kianglikana, yule Mskoti fundi mitambo, alipofukuzwa Buganda akahamia Usambiro kusini mwa ziwa na akafia hukohuko 1890 akiwa bado anatafsiri maandiko. Ongeza hospitali ya Bugando iliyojengwa na Wakatoliki ikafunguliwa 1971, ongeza chuo cha Nyegezi kilichoanza 1960 na ambacho leo ni chuo kikuu cha SAUT. Toa dini kwenye historia ya Mwanza uone ni shule ngapi na vitanda vingapi vya wagonjwa vinaondoka nayo. Anayebisha hapo anabisha tu.

Sasa twende nusu ya pili ambayo mimbarini haifiki. Marekani hiyohiyo ya wacha Mungu, South Carolina mwaka 1740 walitunga sheria ya kumtoza faini mtu akimfundisha mtumwa kuandika. Mwaka 1831 Virginia mtumwa mmoja anaitwa Nat Turner akaongoza uasi, na huyu alikuwa anajua kusoma na alikuwa mhubiri, yaani dini na kusoma vyote anavyo, na baada ya hapo majimbo ya kusini yakakaza zaidi sheria za kuwazuia weusi kusoma na hata kuhubiri. Kwahiyo wale mabwana waliamini kuliko hata sisi kwamba kusoma kunamnyanyua mtu, ndio maana wakapiga marufuku. Na pande zote mbili zilikuwa zinasoma Biblia moja.

Hao Waswidi nao, mpaka karne ya 19 karibu kila mtu anasoma na kanisani wanaenda, lakini njaa iliwapiga, zaidi ya watu milioni moja wakapanda meli wakahamia Marekani. Upande mwingine kuna Wasovieti, walifunga makanisa, wakatangaza vita na ujinga wa kutojua kusoma 1919, na mwaka 1957 wakarusha setilaiti ya kwanza angani bila maombi ya mtu yeyote, alafu 1991 nchi yenyewe haipo tena. Sasa hapo unajifunza nini? Kila upande una mfano wake wa kujipigia debe na mfano wake wa kuuficha.

Ila mfano mzito kuliko yote hauko Ulaya, uko jirani hapa. Rwanda ya 1994 karibu asilimia 90 ya watu walikuwa Wakristo. Waliokimbilia makanisani, Ntarama, Nyarubuye, waliuawa mlemle makanisani. Na kusoma nako kulikuwa na kazi yake, maana kwenye vizuizi vya barabarani kilichokuwa kinaamua nani afe ni kitambulisho, mtu anakishika anasoma palipoandikwa kabila. Mto Kagera ukateremsha maiti mpaka ziwani kwetu, na watu wa kando ya ziwa wakawa wanaogopa hata kula samaki. Nikimwambia hivyo mtu wa dini jibu lake ni lilelile, kwamba wale hawakuwa waumini wa kweli. Sawa, lakini ukijibu hivyo dini haiwezi kushindwa kamwe, ikifanya vizuri ni dini, ikifanya vibaya haikuwa dini, na hoja isiyoweza kushindwa haitusaidii kupanga chochote.

Wanaosema "elimu, elimu, elimu" nao wasishangilie mapema. Tanzania tulishalifanya hilo jaribio, tena Mwanza tulikuwa katikati yake. Wakati wa Azimio la Arusha, 1967, waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama theluthi moja tu ya watu wazima. Mwaka 1968 mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa ukaanza kanda hii ya ziwa makao yake yakiwa hapa Mwanza, watu wanafundishwa kusoma kupitia vitu wanavyovijua, pamba, migomba, uvuvi. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wakina mama wanatoka shambani jioni wanakaa chini ya mwembe na daftari, na kufikia 1986 wasiojua kusoma wakawa chini ya asilimia 10. Nchi maskini za dunia nzima zilikuwa zinatutolea mfano! Na mwaka huohuo 1986 tukasaini mkopo na IMF kwa sababu madukani hakuna sabuni, hakuna sukari, na serikali haina dola. Najua kulikuwa na vita ya Kagera, mafuta yalipanda, na ile siasa yetu ya uchumi nayo ilikuwa na yake, sisemi kisomo ndicho kilichotuangusha. Nasema watu karibu wote walijua kusoma na nchi ilikuwa hoi. Alafu tukalala, kisomo kikafa, na sensa ya 2022 inatuonyesha asilimia 83, chini ya tulipofika miaka ile.

Hapo ndipo mimi huwa naingiza habari ya pamba, maana naona inaeleza hili jambo kuliko takwimu zote.

Mkulima wa Usukuma miaka ya 1940 alikuwa analijua jambo moja vizuri, kwamba pamba ikifika kwa mnunuzi inapungua. Ameibeba mwenyewe, mgongo wake unajua uzito, lakini pale kwenye mizani karani anasogeza kidude, anasoma namba ambayo mkulima haijui, anaiandika kwenye karatasi ambayo mkulima haisomi, anamhesabia hela, biashara imeisha. Mkulima alikuwa na maadili yake ya Kisukuma, wengine walikuwa na dini, havikumsaidia chochote mbele ya kile kidude. Kilichomsaidia ni vijana waliosoma, kina Paul Bomani, ambaye by the way, maana huwa linasahaulika, alikuwa mtoto wa mhubiri wa Kisabato, wakaanza kuweka watu wao wa kupima pamba upya ili mnunuzi asidanganye. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya msingi, na 1955 ikaundwa Victoria Federation of Cooperative Unions, yaani shirikisho la vyama hivyo, makao Mwanza, na mwanzoni mwa miaka ya 60 pamba ya kanda nzima ilikuwa inapitia mikononi mwa chama cha wakulima wenyewe. Ukiniuliza ukubwa wa taifa unafananaje ukiuona kwa macho, mimi nitakuonyesha pale, mtu wa chini amepata uwezo wa kumkagua mtu wa juu.

Haikuchukua hata miaka kumi na tano. Wakulima wakaanza kulalamika tena, safari hii mwizi sio mgeni, ni katibu wa chama chao, anajua kusoma, anajua mahesabu, Jumapili yuko kanisani. Mwaka 1966 Mwalimu akaunda kamati maalum kuchunguza vyama vya ushirika nchi nzima, na ile federation kubwa ikaishia kuwekwa chini ya serikali na kupangwa upya. Mizani ileile! Aliyefundishwa kuisoma ili amlinde mkulima akaitumia kumnyonya. Na mkulima naye tusimfanye malaika, mpaka leo msimu ukifika kuna wanaomwagia pamba maji na kuchanganya mchanga ili kilo ziongezeke, mnunuzi naye akijua hilo anaharibu mizani kufidia, kila mmoja anajiona amehalalishiwa na mwenzake. Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba kwenye dagaa uangalie zile ndoo, ipo ndoo tako limebonyezwa kwa ndani mpaka inakula dagaa pungufu, na kwenye kibanda kuna stika ya kumshukuru Mungu.

Kwahiyo wanaolilia maadili wana hoja hapa na nawapa. Kusoma kunampa mtu uwezo, hakumwambii autumie kwa nani. Sungusungu ilipoanza Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 80 haikuanzishwa na wasomi, ni wanakijiji wenye pinde na mishale waliochoka kuibiwa ng'ombe wakati polisi na mahakama, watu wenye kalamu, wanakula rushwa, na wizi ulipungua kweli. Hayo ndio maadili ya jamii yakifanya kazi bila cheti cha mtu. Lakini maadili hayohayo yaligeukia bibi vizee. Bibi amepikia kuni na mavi ya ng'ombe maisha yake yote, moshi umemfanya macho mekundu, kijiji kinasema mchawi, anauawa. Hapo sasa kinachokosekana sio uadilifu, maana wale wauaji walijiona wanasafisha kijiji, kinachokosekana ni mtu wa kuuliza, ushahidi uko wapi? Na mauaji ya wenzetu wenye ualbino yaliyoshika kasi kuanzia 2007 kanda hii hii yanatuonyesha hata hilo la kusoma halitoshi, maana kiungo cha mtu hakinunuliwi na mwanakijiji asiye na hela ya chumvi, mnunuzi ni mtu mwenye pesa anayetaka dhahabu au cheo, na wengi wenye pesa wamepita shule.

Kivuko cha MV Nyerere nacho kilikuwa na uwezo wa abiria 101, namba inajulikana, kila anayekata tiketi na kila anayeongoza kivuko anaweza kuisoma. Septemba 2018 kikazama pale kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi, walikufa watu zaidi ya 220.

Mimi nimeegemea wapi? Naona dini na maadili vinamfanya mtu asiibe wakati hakuna anayemwona, na hilo ni jambo kubwa maana hakuna serikali yenye hela ya kuweka mkaguzi kila kona. Ila nchi haiwezi kujengwa kwa kutegemea kwamba katibu atakuwa mcha Mungu, inajengwa kwa kuhakikisha hata akiwa mpagani wa kutupwa, mkulima anaweza kuomba daftari, akalisoma, akamtoa. Nikilazimishwa kuchagua nachukua daftari. Kuna watakaosema mkaguzi naye ni mtu, atahongwa, turudi tena kwenye moyo wa mtu. Kweli, na sina jibu lote la hilo, ila wakaguzi mia tano ambao ni wanachama wenyewe ni ngumu kuwahonga wote.

Na cha ajabu wanaolifanya hili vizuri zaidi mjini kwetu ni baadhi ya makanisa. Yale ya zamani, Katoliki, KKKT (Walutheri), AIC (Africa Inland Church), kwenye mengi kabla ya baraka kuna matangazo, mtu anasimama anasoma sadaka ya Jumapili iliyopita, ibada ya kwanza kiasi hiki, ya pili kiasi hiki, mpaka hamsini ya mwisho, na jumuiya iliyotoa kidogo inatajwa watu wanainamisha vichwa. Bibi ambaye hajakanyaga darasa anaondoka pale anajua hela ya kanisa lake. Mkutano mkuu wa kijiji nao kisheria unatakiwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe, sasa waulize watu wa vijijini mara ya mwisho yalisomwa lini. Alafu angalia na hizi huduma mpya za mitume na manabii zinazojaa kwenye maturubai, wanaohubiri maadili ya taifa kwa sauti kuliko wote, mafuta yanauzwa, maji yanauzwa, sadaka inakusanywa kwa ndoo, na hakuna Jumapili inayosomwa jumla. Mjadala wa dini na ukubwa wa taifa mimi ningeuanzisha kwa kuwauliza hao kwanza, na wa pili wenyeviti wetu wa vijiji.