Huku kwetu pia wako
Eti msichana aliyelelewa kwa ugali na samaki hawezi kuugua kwa kujinyima chakula, hayo ni ya watoto wa matajiri wa Ulaya? Aliyeandika hivyo kuhusu filamu hii ya binti anayejinyima chakula hajakaa Kisumu. Niliitazama na mdogo wangu, na yule binti alipoanza kukatakata mkate akiusogeza huku na huku sahanini, mdogo wangu akainuka akaenda zake jikoni. Alikuwa hivyo hivyo kidato cha tatu. Tonge analifinyanga mpaka linapoa, omena anazihesabu, halafu "nimeshiba". Mama alidhani ni vidonda vya tumbo, shangazi akasema mimba (mimba ipi, na hedhi imekatika kwa njaa!), majirani wa Nyalenda wakanong'ona Ukimwi, maana huku mtu akikonda jina la ugonjwa liko tayari. Joto lote lile la ziwani, yeye yumo ndani ya sweta. Aliyeng'amua ni muuguzi mmoja: alipima mapigo ya moyo, akayakuta chini mno, akamuuliza polepole anaogopa nini kwenye sahani. Na huko Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki ambako unene ulikuwa sifa, televisheni, pamoja na wanawake wake wembamba, ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Kufikia 1998 asilimia 11 ya wasichana wa shule waliohojiwa walikiri kujitapisha ili wapungue, na mwanzoni hakuwepo hata mmoja. Fiji nayo ni Ulaya? Kuna mwingine hapa aliyenunuliwa dawa za vidonda vya tumbo miezi na miezi, kumbe shida ilikuwa hii?