Mtoto Mwacheni Acheze, Simu Mpeni Bibi

Kipindi changu cha kwanza cha tiba ya usemi kwa video kilidumu dakika sita. Ilikuwa 2020, shule zimefungwa, kliniki haina watu, nami nimejipanga na kadi zangu za picha: paka, kikombe, ndizi. Mtoto wa miaka minne alimtazama paka, akaitazama pua yangu iliyojaa kioo kizima, akateremka kitini akaenda zake. Mama akamkimbilia, simu kailaza mezani. Nikabaki naongea na pangaboi.

Niliilaumu video kwa miezi. Siku hizi najilaumu mwenyewe. Nilibeba kliniki nzima nikataka kuiingiza ndani ya simu, na haienei humo. Anayeenea ni mtu mzima anayeishi na huyo mtoto, na ndiye niliyekuwa nikimwacha nje miaka yote. Kliniki mama hukaa kwenye benchi la nje akichati, akiamini kuna dawa inatolewa chumbani. Mimi namwona mtoto dakika 45 kwa wiki. Saa zote zilizobaki ni za nyumbani.

Niwape mfano wa bibi mmoja wa Korogwe, aliyeniruhusu nisimulie. Mjukuu wake ana miaka mitatu, maneno hayafiki kumi, mama yake anafanya kazi Dar. Majirani walishatoa hukumu: ana udata, ule utando wa chini ya ulimi unaoubana usinyanyuke, akakatwe. Nikamwomba bibi ampake asali kidogo juu ya mdomo. Ulimi ukapanda, ukailamba yote, ukarudi. Udata haukuwa shida yetu. Nikamtaka ampeleke hospitali apimwe masikio, maana hilo simu haiwezi kunijibu, na mtoto asiyesikia vizuri utamfundisha maneno hadi uchoke. Masikio yakaonekana mazima, ndipo tukaanza.

"Bibi, leo usimwite kwenye simu. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nachagua mchele, mwanangu."

"Basi endelea. Simu iegemeze kwenye ndoo."

Haikupita muda mtoto akaja mwenyewe kutia vidole kwenye ungo. Bibi akaanza kama tunavyoanza wengi wetu: "Hiki nini? Sema jiwe. Sema! Sema jiwe." Mtoto kimya, macho chini, kama yuko mahakamani. Nikamwambia bibi aache kumdai neno. Ashike jiwe, alitaje mara moja tu, halafu anyamaze ahesabu moyoni hadi kumi.

Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika tiba hii, waulize wazazi. Bibi alikuwa anahesabu, midomo inacheza naiona, jiwe kalishika juu kama hirizi. Alipofika kwenye saba hivi, mtoto akanyoosha mkono.

"Iwe."

"Haya, na iwe!" akajibu bibi, tukacheka wote. Kisha nikamwelekeza asimsahihishe, ampe tu neno zima lirudi sikioni: jiwe, jiwe dogo, tupa jiwe. Ungo ule ulikuwa na mawe na chuya za kutosha wiki nzima. Midoli yangu ya plastiki iko kabatini.

Usiku mama mtu akanipigia kutoka Dar. "Samahani dada, mimi nalipia mtoto afundishwe. Mbona unamfundisha mama?"

Sikukasirika, ni swali ambalo hata wenzangu huniuliza. Jibu langu huanzia mbali kidogo, Lidcombe, kitongoji cha Sydney. Huko ilizaliwa tiba ya kigugumizi kwa watoto wadogo ambayo mzazi ndiye huifanya kila siku nyumbani, mtaalamu akimwongoza. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watoto 49 wenye kigugumizi, baadhi wakitibiwa kliniki na wengine kwa kamera ya kompyuta, na hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Sishangai. Kama mwenye mikono ni mzazi, mwelekezaji kukaa Dar au Korogwe kunabadilisha nini?

Nauli inabadilika, hilo najua. Kwetu wataalamu wa usemi ni wachache mno. Hata Chuo Kikuu cha Makerere, jirani zetu Uganda, kilianza kutoa shahada ya fani hii mwaka 2008 tu. Kumwambia bibi apande basi kila wiki ni sawa na kumwambia asije kabisa.

Wapo wanaonishika kwa jambo jingine: wewe si ndiye ulisema tupunguze simu? Ndiyo, na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya kukaa mbele ya skrini kwa siku. Ndiyo maana nasema simu apewe bibi. Kipindi kizuri, mtoto hajui hata kama nipo.

Lakini msinipe kesi zote. Mtoto anayepaliwa chakula namtaka chumbani, karibu na daktari. Aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka vilevile. Hata kithembe hunisumbua: mtandao ukilegea simu huminya sauti, "s" na "th" zikasikika pacha, nikaanza kubahatisha. Dawa yake ni kurekodi klipu fupi kwenye simu yenyewe, kisha kunitumia. Klipu hizo zimeniokoa pia kwenye nyumba ambazo simu janja ni moja, ya baba, na baba hurudi saa tatu usiku mtoto kashalala.

Ila klipu nazo zina adha. Shangazi mmoja aliitupa ya mtoto mwenye kigugumizi kwenye grupu la ukoo, eti wamwombee. Mtoto ana miaka saba, anajua kusoma, akaona vile vikatuni vya kucheka chini ya jina lake. Ilituchukua muda mrefu kumfanya akubali tena kurekodiwa. Siku hizi kabla ya kipindi cha kwanza naomba ahadi kwa mdomo kutoka kwa kila mwenye kushika ile simu, shangazi wakiwemo.

Wiki iliyopita kipindi cha Korogwe kilikatika katikati, simu ya bibi ikazima. Jioni ukaingia ujumbe wa sauti. Bibi anasema, "Mwambie dada kwa nini tulipotea. Chaji iliisha." Halafu kimya, kirefu, kuku wanapita nyuma. Najua anahesabu. Kisha kasauti kadogo:

"Aji isha."