Mbogo wapo Kilimambogo

Mwandishi wa makala moja anasema Ol Donyo Sabuk, mbuga ya mlimani karibu na Thika, Kenya, ni pa kupanda mlima tu, wanyama hakuna. Haya! Kwani jina lake lile jingine, Kilimambogo, lilitoka wapi? Mbogo ndiye nyati, na yupo. Mwezi jana tulipanda na askari wa wanyamapori, tukakuta kinyesi katikati ya barabara, bado kinafuka mvuke. Askari akaweka kidole mdomoni, sote kimya, hata yule shemeji yangu mwenye domo. Mitini mbega wametulia, mikia myeupe inaning'inia kama nguo zilizoanikwa. Mbuga yenyewe ni kilomita za mraba 20 na ushei tu. Njiani kuna kaburi la McMillan, yule mlowezi mwenye jina kwenye maktaba ya Nairobi iliyo jirani na Msikiti wa Jamia. Bebeni maji.