Waanze na daftari la usajili

Mwandishi, asante kwa habari ya watoto wa hapa Mwanza kufundishwa jinsi timu za soka za ligi zinavyoendeshwa. Ila mmeishia kwa kocha na mifumo yake. 4-3-3, yaani mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu, watoto wa Kirumba na Igogo wanaijua kuliko sisi wazee!

Waonyesheni makaratasi. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji mwenye mkataba akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea akiwa na miaka 12 hadi 23. Msimu mmoja wa miaka 12 mpaka 15 ni asilimia 0.25 ya ada, kuanzia 16 ni 0.5. Kijana akiuzwa shilingi milioni 400, msimu aliocheza kwenu akiwa na miaka 17 unawaletea milioni 2. Hapo kuna viatu na nauli ya kwenda Bukoba kucheza. Lakini kama hamkumsajili, mtaisikia redioni tu. Timu ya mtaani niliyoisaidia ilitunza kumbukumbu zote kwenye simu ya katibu, simu ikazama ziwani akivuka kwenda Kamanga. Basi, kwisha habari.

Pamba, timu yetu ya hapa Mwanza, ilikuwa Ligi Kuu, kisha ikashuka, ikarudi 2024 baada ya zaidi ya miaka 20. Mtoto akiuliza muda wote huo ulipotelea wapi, jibu halipo kwa kocha peke yake. Mwiteni na mhasibu darasani.

Halafu, mbona kwenye picha ya habari yenu ni wavulana watupu?