Mgeni wa Namba 9 Anakimbia

Kabla hamjanicheka, naomba ieleweke kwamba Kiingereza nilikuwa nakijua. Kidato cha nne nilipata B, na mtaani kwetu mtu akipokea barua ya kizungu alikuwa anakuja nayo kwangu kabla hajaenda kwa mwenyekiti. Neno moja moja halikunisumbua. "Run" ni kimbia, "beat" ni piga, "cut" ni kata, "late" ni kuchelewa au usiku. Balaa langu lilikuwa linaanza pale maneno mawili yanapokaa benchi moja.

Kazi niliyopata ilikuwa mapokezi, kwenye hoteli ndogo ya ghorofa moja mjini Moshi, ya wageni wanaopanda mlima Kilimanjaro. Vyumba 11. Mwenye hoteli tulimwita Mama, na mpaka leo sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwita kwa jina. Wiki yangu ya kwanza tu, mzee mmoja wa Kijerumani na mkewe walisimama bustanini, mlima umejifunua nyuma yao mweupe pee, kamera mkononi wanatafuta wa kuwasaidia. Nikawaendea na tabasamu langu lote: "Madam, can I beat you a picture?" Mume akapiga hatua moja mbele na kumweka mkewe nyuma ya mgongo.

Sasa mimi kosa langu liko wapi? Kwetu picha inapigwa. Simu inapigwa, pasi inapigwa, mswaki unapigwa, deki inapigwa, kura zinapigwa, na hakuna anayekwenda hospitali. Siku nyingine nikamshauri dada mmoja wa Kanada awahi stendi "to cut a ticket". Alikwenda. Huko alichokikata sikijui, hakurudi kunisimulia.

Mama alinivumilia kwa sababu nilikuwa sigusi chenji. Lakini mwezi mmoja kabla ya mkasa wenyewe, kijana wa chumba namba 4 alikaa siku sita, akala, akanywa, akaagiza na kuku wa kukaanga wa kubeba, kisha usiku akafunga mashuka mawili fundo, akateremkia dirishani na kuruka ukuta. Asubuhi tulikuta mashuka yananing'inia kama bendera ya nchi isiyojulikana. Mama akatukusanya wote, jikoni, mapokezi na mlinzi. "Akitoroka mwingine," akasema taratibu, na Mama akisema taratibu ujue mambo si mazuri, "deni lake nalikata kwenye mishahara yenu. Sitarudia." Mshahara wangu ulikuwa laki na nusu. Tangu siku hiyo nikawa nawatazama wageni miguuni kabla ya kuwatazama usoni.

Ndipo akaja mzee wa namba 9. Mwingereza, mwalimu mstaafu, mpole mpaka unamwonea huruma. Alikuwa ameshuka mlimani siku hiyo hiyo kwa njia ya Marangu, na kilele cha Uhuru amefika, mita 5,895, cheti anacho. Pua nyekundu, midomo imebabuka, magoti yamekwisha kabisa. Kama hujawahi kumwona mtu aliyetoka kule juu, mtazame kwenye ngazi: anashuka kinyumenyume, amekumbatia reli kama mtoto. Mfukoni alikuwa na kijitabu cha maneno ya Kiswahili, na alikuwa anakitumia kwa bidii. Mlinzi wetu, mzee wa makamo yake, alipewa "shikamoo" mara nne siku hiyo na akaitikia zote bila aibu.

Saa moja na nusu jioni simu ya mezani ikalia. Namba 9. Ile simu ilikuwa na mkwaruzo, ukiipokea unasikia kama mtu anakaanga maandazi ndani yake. Nikaikandamiza sikioni, kalamu mkononi. Alichosema, nilivyokuja kuandikiwa baadaye, ni hiki: "I'm running a bit late. I'm just running a bath, and I've run out of towels. Could you run some up?"

Nilichosikia mimi ni mtu anayeungama.

Hebu fuatana nami, na uwe mkweli kama ungefanya tofauti. "Running late": anakimbia usiku. "Running a bath": anakimbilia bafuni, na dirisha la bafu la namba 9 linaangalia ukuta wa nyuma. "Run out": anakimbia kwenda nje, hilo hata darasa la tano wanalijua. "Towels": yule wa kwanza alitumia mashuka, huyu kaamua taulo. "Run up": anapanda ukuta. Mara nne kwa pumzi moja mtu ananiambia anakimbia, na bili yake iko mbele yangu haijalipwa hata senti! Kilichonishangaza ni adabu tu. Nikawaza, kweli Waingereza wamestaarabika, hata kutoroka wanakupigia simu kwanza.

"Yes sir, thank you sir," nikajibu, nikakata simu, nikatoka mbio.

"Mzee!" nikamwita mlinzi. "Namba 9 anakimbia!"

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe!"

Mzee aliwahi kuwa mgambo, na nadhani kwa miaka mingi alikuwa anaisubiri siku ile. Alinyanyuka na rungu, goti lake bovu likalia kama mlango, akaenda kusimama chini ya dirisha la bafu na kuanza kutoa amri kwa sauti ya gwaride. "Kijana, piga kufuli geti! Piga simu kwa Mama! Mwambie mpishi apige kelele! Mimi napiga filimbi!" Na akapiga kweli. Mbwa wa jirani wakaitikia.

Taa ya bafuni ilikuwa inawaka na mvuke unatoka dirishani, maana ilikuwa Julai na Moshi ya Julai usiku ina baridi. Pazia likasogea. Akatokea mzungu, mweupe juu mpaka chini, amejizungushia neti ya mbu kwa kukosa taulo, kama bibi harusi aliyechelewa kanisani. Akachungulia. Akamwona mzee, akaliona rungu.

"Huyo! Piga tochi, kijana! Piga tochi tumwone!"

Dirisha likafungwa kwa kishindo. Tukasikia kitu kizito kinaburutwa sakafuni. Mzee akanitazama. "Anajipanga," akasema.

Tukasubiri. Mpishi alikuwa ameshatoka na mwiko, amekaa upande wa jenereta, na mimi nimerudi mapokezi kulinda ngazi. Dakika zikaenda. Kisha tone moja likaanguka juu ya kitabu cha wageni, toh, katikati kabisa ya sifa alizoandika mama mmoja wa Uholanzi. Nikatazama juu. Kwenye dari ya jipsamu palikuwa na duara la kahawia la ukubwa wa sahani, na nikiwa nalitazama likawa sinia. Tone la pili, la tatu, halafu bomba. Huko juu yule mzee akapiga ukelele: "It's running over! It's running over!"

Mzee mlinzi akaja anachechemea. "Anasemaje?"

Nikatafsiri papo hapo, na kwa kweli nilishusha pumzi. "'Over' ni kwisha, mzee. Anasema kukimbia kumekwisha. Amesalimu amri."

"Vizuri," akasema mzee, na kipande cha jipsamu kikamwangukia begani.

Mama alifika kwa bodaboda, khanga juu ya gauni la kulalia. Kiingereza Mama hakukisomea popote. Alikipata kwa kuhudumia wazungu miaka 20, kwa hiyo kilimjia kikiwa kimeshapikwa. Nikamrudishia maneno ya simuni kama nilivyoyashika, running, running, run out, towels, run up. Hakunijibu. Alikwenda stoo akachukua taulo nne, akaniambia nimfuate, na tulipofika ngazini akageuka. "Mtu mwenyewe ngazi hizi leo mchana kazipanda kwa makalio. Atakimbilia wapi, baba? Hebu niambie mimi, atakimbilia wapi?"

Tukapiga hodi. Kimya, ila maji. Tukapiga tena. Nyuma ya mlango, sauti nyembamba, ya mtu anayesoma kwenye kitabu, ikasema:

"Tafadhali. Hapana piga."

Hapo ndipo na upande wa pili ulipojulikana. Kijitabu chake kilikuwa kimempa maana moja tu ya "piga", ile ya kiganja na shavu. Yeye amejaza maji, anasubiri taulo, mara anasikia chini ya dirisha mwanamume anaunguruma piga, piga, piga, akichungulia anakuta rungu na tochi, na getini mtu anafunga kufuli. Akaburuta kabati akaziba mlango, akakaa juu yake, na bomba akalisahau. Mimi kwa "run" moja nilikuwa nimeona mwizi. Yeye kwa "piga" moja alikuwa ameona mazishi yake.

Mama alimtoa kwa maneno matamu na kumpa taulo zote nne. Nusu saa baadaye tulikuwa mezani, kwenye upande mkavu, na chai ya tangawizi, pamoja na mwongozaji wake wa mlimani ambaye ndiye alikuwa anamchelewea kwa chakula cha jioni. Mzee wa watu alicheka mpaka akakohoa. Kisha ule ualimu ukampanda. Akaomba karatasi, akaandika "run" katikati na kuizungushia wenzake: bath, nose, late, out, over, temperature. Ukiiweka na late umechelewa, na out umeishiwa, na over maji yamefurika, na zile taulo za "run up" alitaka apelekewe juu. Pua ikikimbia ni mafua. Ukikimbiza temperature una homa, ukikimbiza bath unafungulia maji, na hakuna anayetoka jasho. Akaniambia mvua yao ni nzito, "heavy", lakini chai ni yenye nguvu, "strong", ukigeuza watakuelewa ila watakutazama. Kosa "you make", kazi ya shule "you do". Kwa nini? Akainua mabega. Maneno nayo yana watu wao wa kukaa nao, ndivyo nilivyomwelewa.

Nami nikachukua kalamu nikamwandikia "piga" katikati. Kufuli, simu, filimbi, tochi. Miayo, chafya, magoti, stori, chenga, bao, marufuku. Karatasi ikajaa, nikageuza upande wa pili. Alizidi kukodoa macho. "Everything, you people beat," akasema. Mzee mlinzi, aliyekuwa anakula andazi lake kimya, akamwomba mwongozaji amwambie kwamba yeye tangu azaliwe hajampiga mtu.

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipofika kwenye "run" kama kitenzi walihesabu maana 645. Mimi nilikalia kiti cha mapokezi nikiwa na moja. Na nilisoma pia kwamba Mwingereza mmoja aliyekuwa Japani, Harold Palmer, aliona wanafunzi wa kule wanahangaika hivi hivi, na mwaka 1933 akatoa Tokyo ripoti nzima ya maneno yanayotembea pamoja. Ripoti hiyo Moshi haikuwa imefika.

Jipsamu ilinigharimu elfu 20 kila mwezi kwa miezi mitatu. Mzee mlinzi hakukatwa. Mama alisema yeye alipotoshwa.

Asubuhi mgeni alilipa bili yote, akaacha na bahashishi, akamkumbatia mzee getini na kumpa shikamoo ya tano. Gari la kwenda uwanja wa ndege wa KIA lilipokata kona, tulikimbilia kitabu cha wageni, kurasa zake bado zimevimba kwa maji. Alikuwa ameandika mstari mmoja: "A charming place, and very well run."

Nikaitoa ile karatasi mfukoni, nikaipekua mbele na nyuma. Hiyo, ya hoteli kuendeshwa, haikuwemo.

"Kaandikaje?" Mama akauliza.

"Anasema tulikimbia vizuri sana, Mama."

Mzee mlinzi akajinyoosha, akashika goti lake. "Umeona? Na mguu wenyewe huu huu."