Tulinunua upepo, njia yake tukaisahau

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 nilikuwa kwa mama mdogo, Likoni. Stima ilipotea saa nne kasorobo usiku. Huwa inapotea, kwa hivyo hakuna aliyeshtuka. Watoto walipiga ile kelele yao, mtu akawasha tochi ya simu, tukakaa kungoja. Mama mdogo peke yake ndiye aliyeinuka mkekani. Alikwenda moja kwa moja kwenye friza mbili anazowekea samaki wa biashara, akatandika blanketi kuukuu juu yake, akazungushia magunia, kisha akavuta kiti akakaa pembeni kama mlinzi wa lango. Nilipotaka kuchukua maji ya kunywa alinizuia. "Mwanangu, usifungue. Baridi ikitoka hairudi."

Usiku wa manane habari zilikuwa zimeshatufikia kwa simu. Si Likoni tu wala si Mombasa tu. Karibu nchi nzima ilikuwa gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kesho yake stima iliporudi, mama mdogo alifunua friza na kuwabonyeza samaki kwa kidole gumba mmoja mmoja. Wa chini walikuwa bado wagumu. Wa juu, changu na tafi, walikuwa wamelegea. Akawauza siku hiyo hiyo kwa hasara.

Nawakumbuka samaki wale kila ninaposikia Kenya ikisifiwa kwamba karibu asilimia 90 ya umeme wake watokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Sifa hiyo ni ya kweli na mimi najivunia. Nchi tajiri nyingi zingetamani kufika hapo tulipo. Lakini sifa hiyo inahesabu umeme uliozalishwa, na mama mdogo anachonunua kwa tokeni zake ni stima itakayokuwapo saa nne usiku. Kati ya vitu hivyo viwili kuna nyaya, vituo, akiba na watu wa kuvisimamia, na huko ndiko gharama kubwa iliko. Naamini tumejidanganya kuhusu gharama hiyo kwa muda mrefu, na ni watu kama mama mdogo wanaoilipa.

Tuanze na Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, mashariki ya Ziwa Turkana. Upepo wa pale hauna mfano: unabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, unapita kwa kasi karibu mwaka mzima. Mitambo 365 ya upepo ilisimikwa pale, yenye uwezo wa megawati 310 kwa jumla. Ili kuifikisha ilibidi barabara ya zaidi ya kilomita 200 itengenezwe kutoka Laisamis. Mwaka 2017 mitambo ilikuwa tayari. Upepo ulikuwapo. Laini ya kubeba umeme hadi kituo cha umeme cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwapo. Kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi ya kuijenga ilifilisika katikati, Wachina wakaja kuimalizia, na umeme wa kwanza ukaingia gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi, Septemba 2018. Muda wote huo mkataba wa kuununua umeme huo ulikuwa unahesabu. Serikali ililipa fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa umeme ambao haukuwasha balbu hata moja.

Na hilo lilikuwa limetabirika. Benki ya Dunia ilijitoa katika mradi huo mwaka 2012 kwa hofu kwamba Kenya ingefungwa kulipia umeme ambao haitaweza kuutumia. Tungeweza kusikia. Mtu hanunui lori la mchanga kabla ya kukata njia ya kuingia kiwanjani.

Njia ilipopatikana, ilikuwa moja. Hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo, maana wengi wanaozungumzia umeme jadidifu hupaparukia bei ya kilowati na kuacha jambo hili.

Nenda ferry ya Likoni asubuhi utazame mahamali wakipandisha mkokoteni kwenye mteremko. Wako watano, kila mmoja anasukuma, mkokoteni unakwenda mwendo mmoja. Mmoja akiteleza, wale wanne wanahisi uzito, wanakaza misuli, mkokoteni unapunguza mwendo kidogo lakini hausimami. Sasa chukulia aliyeteleza ndiye aliyekuwa akibeba uzito wa wawili. Gridi ni hivyo hivyo. Inatakiwa izunguke mara 50 kwa sekunde, saa zote, na kila kinachozalishwa kilingane na kinachotumiwa dakika hiyo hiyo. Mitambo ya maji na ya mvuke ina vyuma vizito vinavyozunguka. Mwenzao akianguka, uzito ule unaendelea kuzunguka na kutoa nafasi ya sekunde chache ili wengine wakaze. Upepo na jua huingia gridi kupitia vifaa vya elektroniki. Vifaa hivyo ni vyepesi, havina uzito ule, mpaka mtu avinunue na kuvipanga makusudi viigize kazi hiyo.

Usiku ule wa Agosti, Loiyangalani ilikuwa ikitoa megawati 270, kiasi cha asilimia 15 ya umeme wote wa nchi. Ilizima kwa mara moja. Baadaye ulizuka ubishi: upande mmoja ulisema mitambo ya upepo ndiyo iliyoangusha gridi, na wenye mitambo wakasema volteji ya gridi yenyewe ilipanda kupita kiasi na mitambo ikajizima kujikinga. Kwa mwenye friza ubishi huo hauna tofauti kubwa. Chochote kilichoanza, gridi haikuwa na wa kukaza misuli.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 6 Septemba 2024, ikawa tena. Saa tatu kasoro dakika nne asubuhi laini ya Loiyangalani ilikatika pale Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Mara laini ya kutoka Ethiopia, iliyokuwa ikileta megawati 200, nayo ikakatika. Megawati 488 zikapotea, na sehemu kubwa ya nchi ikapotea nazo. Laini zote mbili zinaishia Suswa. Mayai yetu tumeyatia kapu moja, tena tunajua jina la kapu.

Nisieleweke kwamba hili ni tatizo la Afrika. Tarehe 28 Aprili 2025, mchana kweupe, Uhispania ilipoteza takriban megawati 15,000 ndani ya sekunde tano, na Ureno ikaingia gizani pamoja nayo. Uchunguzi wa serikali ya Uhispania ulieleza kuwa volteji ilipanda na hapakuwa na mitambo ya kutosha ya kuidhibiti siku ile. Yaani ile ile hadithi ya volteji tuliyoisikia huku kwetu. Jua halikuwa na kosa. Kosa ni kwamba kazi ya kutuliza volteji, ambayo zamani mitambo mizito iliifanya bila mtu kuilipia kando, haikupewa mtu mwingine wa kuifanya.

Kuna waliojifunza. Jimbo la Australia Kusini lilizimika lote Septemba 2016, dhoruba ilipoangusha minara ya laini na mitambo ya upepo ikajizima kwa jinsi ilivyokuwa imepangwa. Hawakuing'oa mitambo. Walibadilisha mipangilio yake, mwaka uliofuata wakafunga betri ya megawati 100 pale Hornsdale, na kufikia 2021 wakawa wamesimika mashine nne kubwa zinazozunguka bila kuchoma kitu, kazi yake ni kuipa gridi ule uzito tu. Leo sehemu kubwa ya umeme wa jimbo hilo ni upepo na jua. Umeme wao si wa bei rahisi, lakini walijua wanalipia nini.

Kwetu malipo yamejificha. Upepo wa Loiyangalani huvuma zaidi usiku na alfajiri, wakati Wakenya wamelala na matumizi yameshuka hadi karibu nusu ya yale ya jioni. Mkataba unataka upepo ulipiwe, kwa hivyo mvuke wa ardhini wa Olkaria, karibu na Naivasha, ndio unaopunguzwa. Niliwahi kulala Naivasha kwa rafiki, nikausikia ukitolewa hewani, mngurumo kama wa lori linalopanda mlima na halifiki. Mvuke uliochimbwa kwa mikopo ya mabilioni, unapaa juu. Halafu jioni mambo yanageuka. Jua letu la ikweta huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, kwa hivyo mtambo wa jua wa Garissa na megawati zake 50 unalala wakati ule ule nchi nzima inawasha taa, jiko na televisheni. Mwaka 2025 Rais William Ruto mwenyewe alisema hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku inabidi baadhi ya maeneo yakatiwe umeme. Usiku tunamwaga, jioni tunakosa. Kinachokosekana katikati ni ghala.

Na hapa Mombasa tuna Kipevu. Mitambo ile ya mafuta mazito inawashwa jioni, na pia kwa sababu pwani iko mbali na Olkaria na volteji inahitaji mtu wa kuishikilia karibu. Laini kubwa ya Nairobi hadi Mombasa ilijengwa iweze kubeba kilovolti 400, lakini ilipowashwa 2017 ilianza kwa 220. Mafuta yakichomwa Kipevu, mstari wa gharama ya mafuta kwenye risiti yako ya tokeni unapanda. Shilingi ikianguka, mstari wa fedha za kigeni unapanda nao, maana mkataba wa Loiyangalani uko kwa yuro. Upepo ni wa Marsabit, na wenyeji walioipinga hati ya ardhi ya mitambo ile walishinda kesi mahakamani Meru mwaka 2021. Deni lake tunalilipa kwa sarafu ya watu wengine.

Basi wako wanaosema turudi kwenye makaa ya mawe. Nawaheshimu, lakini nakataa. Mtambo uliokusudiwa Lamu, wa megawati 1,050, ungekuwa pengo kubwa mara tatu ya Loiyangalani siku ukianguka, na mahakama ya mazingira iliufutia leseni Juni 2019 kwa sababu za kutosha. Afrika Kusini ina makaa ya mawe tele, na mwaka 2023 watu wake walikatiwa umeme kwa zamu karibu kila siku. Mtambo uliozeeka bila matengenezo haujali unachoma nini.

Kinachonitia hofu zaidi ni wanaoondoka. Viwanda, vyuo, maduka makubwa na hoteli wanafunga paneli zao juu ya paa. Uwezo wa mitambo yote ya binafsi, ya jua na mingineyo, umeshapita megawati 500. Siwalaumu. Mwenye kiwanda cha plastiki stima ikikatika dakika tano anatupa kila kilichokuwa kwenye mashine. Lakini nguzo na nyaya hazipungui gharama kwa sababu hoteli imejitoa. Gharama hiyo wanagawiwa waliobaki, na waliobaki ni kinyozi, mwenye kinu cha kusaga, mama wa samaki. Bei ikipanda tena, mwingine mwenye uwezo anaondoka. Gridi ikiachiwa maskini peke yao, itakuwa ghali na mbovu kwa pamoja.

Kwa hivyo nikiulizwa shilingi inayofuata iende wapi, sitasema kwenye mtambo mpya wa upepo. Iende kwenye laini ya pili ya kutoa umeme Loiyangalani, isiyopita njia ya ile ya kwanza. Iende kwenye betri karibu na Nairobi na hapa pwani, zijazwe na mvuke ule unaomwagwa usiku, zitoe jioni. Iende kwenye mashine za kutuliza volteji, hata kama hakuna mwanasiasa atakayekata utepe mbele yake. Na gharama hiyo iandikwe kwenye risiti kwa jina lake. Nitailipa. Ninalolikataa ni kuambiwa umeme wetu ni rahisi kwa sababu upepo hautozwi kodi, kisha nilipie fidia, mafuta na yuro kwenye mistari isiyosomeka.

Wiki iliyopita nilimpelekea mama mdogo fundi wa sola, ampigie hesabu ya paneli na betri ya kuendesha friza mbili usiku kucha. Alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamkaribisha chai. Alipoondoka aliniita nyuma akanifunulia friza ya pili. Chini na pembeni amepanga chupa za soda za lita mbili zilizojaa maji, zimeganda ngumu kama mawe. Stima ikienda, chupa zile ndizo zinazoshika baridi. Nilizihesabu zikafika kumi na nane. Zimechukua robo ya friza, pale alipokuwa akiweka nguru.